Maharage ya Wageni

Mlionipokea ofisi mmeniomba niwaandikie maelezo ya makabidhiano. Makabidhiano yenyewe yalichukua robo saa: kabati moja lenye mlango usiofunga, kipaza sauti cha mkononi kinachokoroma, kamba ya kuzungushia uwanja na nusu ndoo ya chokaa. Kulikuwa pia na saa ndogo ya kuhesabia dakika, ile ya waamuzi wa riadha, ambayo kwa makusudi sikuikabidhi. Nitaeleza kwa nini. Habari za vyeo na madaraja ziko kwenye faili langu, mtazisoma siku mkikosa usingizi. Mimi nataka kuwasimulia habari za maharage.

Nilikuja Mbinga kuwa afisa utamaduni msaidizi nikiwa binti wa ziwani, wa Lituhi, niliyezoea joto na mchanga. Nilipanda milima na viatu vya wazi na koti la kuazima. Ilikuwa Machi, ukungu umelala juu ya mibuni mpaka saa nne asubuhi, nami nikajiuliza watu wa huku wanachezaje ngoma wakati hata kutoa mkono mfukoni ni kazi. Bosi wangu alikuwa Mwalimu Haule, aliyefundisha muziki shule ya msingi miaka mingi kabla ya kuhamishiwa utamaduni. Alikuwa mfupi, mpole, na kofia yake ya sufu haikumtoka kichwani hata mbele ya wakubwa.

"Unajua kulima?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Nimesomea sanaa za maonyesho, Mwalimu."

"Sikuuliza hicho."

Siku ya tatu akanipakia kwenye pikipiki yake tukaenda Mkumbi. Nilikuwa nimeandaa dodoso safi: jina la ngoma, asili yake, idadi ya wachezaji, mavazi. Nikadhani tutapokelewa na kikundi uwanjani. Badala yake tulishuka bondeni, tukapandisha mteremko mwingine, tukamkuta mama mmoja ameinama na jembe. Huyo ndiye Mama Oresta. Mumewe, Mzee Kasiani, alikuwa ameshafyeka majani kwa mundu na kuyalaza chini kwa mafungu yaliyokatizana, mraba kwa mraba. Kazi ya mama ilikuwa kuchimba udongo katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya majani, ili kingo zipandwe maharage na katikati libaki shimo la kushika maji. Hizo ndizo ngolo. Ukiutazama mteremko wa Kimatengo, wa wenyeji wa huku, kutoka ng'ambo ya bonde unaona kitu kama trei kubwa ya mayai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja shambani na viatu vya kanisani?"

Nikacheka, nikatoa dodoso langu. Hakulitazama. Alinyoosha mpini wa jembe kuonyesha shamba. "Hizi za chini ni zetu. Zile za mistari mitatu ya juu ni za wageni."

"Wageni gani, mama?"

"Sijawajua bado."

Mwalimu Haule akaniambia, "Andika hilo." Nikaandika: wageni, hawajulikani. Nilidhani mama wa watu anazeeka vibaya.

Sasa kwa mliotoka mbali, sikilizeni vizuri. Kikundi cha mganda, ile ngoma ya wanaume, cha kijiji kimoja kilikuwa hakichezi peke yake. Kilialikwa na kijiji kingine, mavuno ya maharage yakishaingia ndani. Na mwaliko haukuwa barua. Ulikuwa ni maharage mapya ndani ya kikapu kidogo, kila nyumba itakayopokea wageni imetia kiganja chake. Mkipokea kikapu na kuyapika, mmekubali. Wachezaji wakifika, kila nyumba inachukua wawili au watatu, inawalisha na kuwalaza siku mbili, na mwaka unaofuata deni la ukarimu linageuka upande. Kwa hiyo ngoma ya Agosti ilikuwa inapandwa Machi, kwa jembe.

Agosti ile nikaiona kwa macho. Wageni walikuwa watu wa kwetu Lituhi, na kapteni wao alikuwa mjomba wangu mwenyewe, Mjomba Damasi. Nilikuwa nimemwona akicheza tangu utotoni bila kujua anakokwenda akiondoka na kaptula yake nyeupe iliyopigwa pasi kwenye mfuko. Walipanga mistari kama askari wa gwaride, mashati meupe, soksi zimevutwa mpaka magotini, mkononi vibuyu vya kuimbia vilivyozibwa tundu kwa utando mweupe wa buibui ili sauti itoke inakwaruza. Ngoma kubwa ilipigwa na mwenyeji, Mzee Kasiani. Akina mama wa Mkumbi nao waliingia na kioda, ngoma yao wanawake, vitambaa vichwani, mmoja wao akizunguka na kioo na leso, anamfuta jasho kila mchezaji usoni na kumwonyesha alivyopendeza. Nilisahau baridi.

Lakini kabla ya yote ulikuwepo wimbo wa kubisha hodi. Wageni hawaanzi kucheza mpaka wametaja kila nyumba iliyotia maharage kwenye kikapu. Nyumba moja inatajwa, mwenye nyumba anasimama, anaitikia, wanamsalimu, wanamsifia alichosifika nacho mwaka huo au wanamtania. Kama nyumba ina msiba ambao wageni hawakuuwahi, pole inatolewa hapohapo, kwa jina la marehemu. Nyumba ishirini zinaweza kuchukua saa nzima. Hakuna aliyekuwa anachoka.

Ngoma ilipokwisha nikafunga daftari. Mwalimu Haule akanishangaa. "Unakwenda wapi? Kazi yetu ndiyo inaanza. Ingia jikoni."

Hiyo ndiyo elimu aliyonipa, na sikuipata chuoni. Wageni wakishaondoka, tulikuwa tunapita nyumba kwa nyumba na swali moja: kimebaki nini? Kwa Mama Oresta ulikuwa umebaki mkeka wa mtindo wa ziwani, uliosukwa na mgeni aliyekosa la kufanya asubuhi ya pili. Jirani yake alikuwa amejifunza kupika usipa, dagaa wa ziwani, kwa karanga. Kitura tulikuta mtoto mchanga amepewa jina la mgeni. Kijiji kingine kulibaki ugomvi, na Mwalimu akasema ugomvi pia uandikwe. Binti yake Mama Oresta, Klara, aliolewa Lituhi kwa njia hiyohiyo, baada ya kijana mmoja wa mganda kurudi mara tatu kutafuta soksi aliyodai ameisahau. Nami nilipokwenda likizo nyumbani nikakitazama upya kikapu cha jikoni kwa mama yangu, tulichokiita tangu zamani kikapu cha milimani. Nikamuuliza kilitoka wapi. "Kilikuja na maharage," akasema. Kumbe nilikuwa nimelishwa na Mkumbi kabla sijajua kuna Mkumbi.

Mwalimu Haule alistaafu, akarudi kwenye kahawa yake Matiri. Mimi nikakalia kiti chake, na hapo ndipo nikaja na akili mpya.

Sikuwa na nia mbaya, ijulikane. Nilitaka ngoma zetu zionekane. Kwa nini Mkumbi na Lituhi wachezeane wenyewe bondeni wakati wilaya nzima ingeweza kuwaona? Nikaanzisha tamasha. Uwanja mmoja, vikundi vyote, chokaa, kamba, kipaza sauti, waamuzi watatu, mshindi wa kwanza mpaka wa tatu. Ili watu wasisumbuke kupika, nikaleta wapishi wa shughuli kutoka mjini, na pilau. Ili kila kikundi kipate nafasi, nikanunua ile saa, na filimbi. Dakika nane kwa kikundi.

Mwaka wa kwanza ulipendeza, sitadanganya. Wanawake wa Matiri walionyesha kioda yao mbele ya watu ambao hawakuwahi kuisikia. Wanafunzi waliocheka mganda wa babu zao walianza kuuigiza barabarani wakirudi shule. Mpaka leo nasema tamasha lina faida yake. Niliandika taarifa ndefu yenye maneno kama hamasa na fursa, nikasifiwa, nikajiamini.

Mwaka wa pili vikundi vikaanza kuacha vibuyu vya utando kwa sababu waamuzi waliokaa mbali hawakuvisikia. Wimbo wa kubisha hodi ukafupishwa, ukawa "hodi wana Mbinga wote," dakika imeisha. Wageni wakawa wanakuja asubuhi kwa lori, wanakula pilau kwenye sahani za plastiki, jioni wanageuza. Sikupita jikoni mwaka ule. Nilikuwa najumlisha alama.

Sikujua kwamba Mama Oresta alikuwa amelima mistari yake mitatu kama kawaida, akavuna, akaweka, wala hakuna aliyekuja kula. Maharage yale yalibunguliwa na wadudu.

Kabla ya tamasha la tatu, wakati wa masika, Mzee Kasiani akafariki. Nilikwenda mazikoni, nikatia udongo kaburini na wenzangu. Watu wa Lituhi hawakufika, barabara ilikuwa imekatika. Baada ya mazishi niliona ngoma yake kubwa imetundikwa ukutani sebuleni, na kigongo cha kuipigia kimefungwa kwenye kitambaa. Sikuhitaji kuuliza. Ngoma ya mpigaji aliyefariki hainyamazishwi na kifo tu, inasubiri. Haipigwi tena mpaka wageni waje, wafike kwenye nyumba yake katika wimbo wa hodi, walitaje jina lake na kutoa pole. Hapo mjane anasimama na kukikabidhi kigongo kwa atakayerithi. Nililijua hilo kama ninavyojua Baba Yetu. Mkisikia watu wakinitetea kwamba sikujua, msiwaamini.

Siku ya tamasha Mama Oresta alitoka Mkumbi na kigoda chake mwenyewe, akakaa mbele kabisa, kigongo mapajani ndani ya kitambaa. Kikundi cha Mkumbi kilikuwa kimeazima ngoma ya Matiri. Mimi nilikuwa nahangaika na ratiba, maana mgeni rasmi alikuwa na safari, ingawa kwa kweli muda mwingi alikuwa anasoma simu yake.

Lituhi wakaingia. Mjomba Damasi akapiga saluti, na badala ya lile hodi fupi akaanza lile refu, la zamani. Nyumba ya kwanza ya Mkumbi. Mwenyewe akasimama, akaitikia. Ya pili. Ya tatu, wakamtania mwenye nyumba kwa kununua redio asiyoizima, watu wakacheka. Ya nne. Nikatazama saa. Dakika nane. Mkono ukaenda mdomoni wenyewe, nikapuliza filimbi.

Vibuyu vikanyamaza. Mjomba aligeuka, akanitazama, si kama mjomba. Akapiga saluti tena, akaitoa mistari yake uwanjani. Hawakugusa pilau. Lori lao liliondoka kabla hatujatangaza washindi.

Mama Oresta alikuwa anakifunga tena kitambaa. Nilimfuata.

"Mama, ratiba ilikuwa—"

"Ratiba ya nani, mwanangu?"

Nikaitia filimbi mfukoni.

"Wamefunga safari toka ziwani kunipa pole," akasema. Hakupandisha sauti. "Ilibaki nyumba moja."

Akabeba kigoda chake akaenda. Katika kazi hii nimetukanwa na walevi, nimefukuzwa na mbwa, na mara moja nilianguka na pikipiki kwenye matope na ngoma tatu mgongoni. Hakuna kilichoniuma kama kumwona yule mama akivuka ile kamba yangu ya uwanja, ameishika juu kwa mkono mmoja ili apite.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilikwenda Matiri kwa Mwalimu Haule. Nilimkuta anapalilia mibuni. Nikamweleza yote nikitegemea anifokee, ingenisaidia. Aliuliza tu, "Jikoni kumebaki nini?" Nikafungua daftari, nikampa. Kwa miaka mitatu lilikuwa na alama za waamuzi, ukurasa kwa ukurasa. Akalirudisha. "Si nilikuuliza siku ya kwanza kama unajua kulima?"

Nikapiga moyo konde nikashuka Lituhi. Kwa ujinga uliobaki, nilibeba barua ya kuomba radhi na kualika, yenye mhuri. Mjomba aliisoma yote, akaikunja, akaiweka chini ya kikombe chake cha chai.

"Shikamoo tena, mjomba," nikasema, kwa kukosa la kusema.

"Marahaba tena. Sasa sikiliza. Tulipigiwa filimbi kama ng'ombe waliovamia shamba. Lakini wewe ni mtoto wetu, hilo tumelimeza. Kuja, tutakuja. Atuite mwenye maharage. Ofisi yako haina maharage."

Nikarudi Mkumbi. Nje ya nyumba ya Mama Oresta nikakuta miche ya kahawa kwenye viriba, imepangwa vizuri kivulini, inasubiri mvua. Gaudensi, mwanawe mkubwa, ndiye aliyenieleza, kwa heshima zote. Miche ilikuwa inakwenda kwenye mistari mitatu ya juu.

"Dada, usinielewe vibaya," akasema. "Wageni siku hizi wanakula uwanjani. Kahawa inasomesha watoto. Na hata wakija, wacheze na nini? Kikundi hakina ngoma."

"Ngoma ipo," mama yake akasema kutoka jikoni.

"Ipo ukutani, mama."

"Inasubiri."

Gaudensi alikuwa na haki, na aliyempa haki hiyo alikuwa mimi. Mistari ile ikishapandwa kahawa, imekwenda kwa umri wa mtu. Hakutakuwa na maharage ya kutia kikapuni, hakutakuwa na hodi, na jina la Kasiani lingebaki limekwama palepale lilipokwamishwa. Niliomba wasubiri msimu mmoja. Mama Oresta alitoka na mwiko mkononi, akanitazama miguuni kwanza.

"Njoo Machi," akasema. "Na jembe lako, si la kuazima. Na hivyo viatu uviache."

Miche ikapandwa nyuma ya nyumba, imebanana, Gaudensi akinung'unika. Machi nikachukua likizo, nikaenda na jembe jipya. Nilifika alfajiri nikakuta majani ya mistari mitatu yameshafyekwa na kulazwa mraba kwa mraba, safi kabisa. Hiyo ni kazi ya mwanamume, na mwanamume wa nyumba ile hakuwepo tena. Gaudensi alikuwa anaondoka na mundu begani. "Nilikuwa napita tu," akasema. Majani ya mistari mitatu hayafyekwi na mtu anayepita tu.

Nililima siku nne. Siku ya kwanza malengelenge, ya pili mgongo, ya tatu Mama Oresta akanionea huruma akanifundisha kushika jembe chini zaidi. Ngolo zangu zilikuwa zimepinda kama meno ya mtoto. Majirani wakipita njiani waliuliza nani yule, naye akawajibu bila kuinua uso, "Anafanya malipizi ya filimbi." Watu wa Mkumbi ni Wakatoliki, walielewa mara moja. Wengine walishuka kunipa pole. Wengine walikwenda kwao wakatazama mistari yao ya juu, na kabla mwezi haujaisha nyumba sita zaidi zilikuwa zimelima za wageni. Sikuwashawishi kwa hotuba. Nadhani walitaka tu kuona mtumishi wa serikali anavyoteseka, kisha wakanogewa.

Maharage yakavunwa, yakapigwa fimbo uani, yakapepetwa. Nyumba saba zilitia kila moja kiganja chake kwenye kikapu, na tarishi nikawa mimi. Nilikipakata njia nzima ya kushuka ziwani, kondakta akitaka kukitupa juu ya basi nami nikimkatalia. Mjomba Damasi alimimina machache kiganjani, akayanusa, akamwita shangazi.

"Pika," akasema.

Nililia pale barazani, jamani. Sioni sababu ya kuficha.

Mwezi wa nane ulipofika, ratiba ya tamasha niliyoipeleka kwa wakubwa ilikuwa na mstari mmoja: ngoma. Niliulizwa itaanza saa ngapi na kuisha saa ngapi. Nikasema itaanza wageni wakifika na itaisha wenyeji wakiridhika. Nikaulizwa mgeni rasmi atakula wapi. Nikasema kwa Mama Oresta. Wapishi wa shughuli hawakuja, wala chokaa haikumwagwa. Uwanja ulikuwa ule wa zamani, bondeni, na vijiji vingine vilikuja kutazama na kujifunza, si kushindana. Mgeni rasmi alikula maharage sahani mbili, na simu yake ikaisha chaji bila yeye kujua.

Lituhi wakaingia saa nane mchana, weupe mtupu. Mjomba akapiga saluti, hodi ikaanza. Nyumba ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, yule mwenye redio akataniwa tena, maana bado haizimwi. Ya nne. Mikono yangu nilikuwa nimeikalia, kwa hakika tu. Mama Oresta alikuwa kwenye kigoda chake, mbele, kitambaa mapajani.

Wakaitaja nyumba ya Kasiani.

Vibuyu vikashuka sauti. Mjomba Damasi akavua kofia, akaimba peke yake kwamba walikuja wakati wa mvua, barabara ikawakatalia. Walikuja wakati wa jua, njia ikafungwa. Leo wamefika, wanabisha hodi kwa Kasiani, nani ataitikia? Kila mtu alijua njia ilifungwa na nani. Hakuna aliyenitazama, na wema huo sijausahau.

Mama Oresta akasimama. Alifungua kitambaa taratibu, fundo la kwanza, fundo la pili. Watu walidhani kigongo atampa mdogo wa marehemu, aliyekuwa akipiga ngoma ndogo. Akampita. Akaenda mpaka nyuma kabisa, alikosimama Gaudensi amekunja mikono kama mtu asiyehusika, akamnyooshea.

"Mama, mimi sijui kupiga."

"Ulikuwa unapita tu, nikakuona," akamwambia.

Gaudensi akajifuta viganja kwenye suruali, mara mbili, akakipokea. Walikuwa wameishusha ngoma asubuhi, ipo katikati ya uwanja. Pigo la kwanza lilikuwa baya. La pili pia. La tatu akina mama wakalipokea kwa vigelegele, na Lituhi wakaingia wote kwa pamoja. Mama Oresta alirudi kwenye kigoda akakaa na kitambaa kitupu mkononi, akikikunja na kukikunjua. "Basi," akasema. "Basi, baba Gaudensi."

Wimbo ukaendelea, nyumba ya sita, ya saba. Nilijua zimekwisha, maana kikapu nilikibeba mwenyewe. Lakini mjomba hakugeuza mistari. Akaimba hodi ya nane: hodi kwa binti wa ziwani mwenye ngolo zilizopinda, nyumba yake hatuioni lakini maharage yake tumeyala. Mkumbi nzima ikacheka, ikanigeukia, ikasubiri. Nilikuwa nimepanga chumba mjini, sikuwa hata na kizingiti Mkumbi. Mama Oresta akanisukuma mgongoni. "Simama, mwenye nyumba. Itikia."

Nikasimama, nikaitikia.

Tangu hapo nimeendesha matamasha mengi, na sikupuliza filimbi tena. Mengine yalikuwa mazuri, mengine yalinyeshewa. Kila baada ya ngoma nilipita jikoni, na madaftari hayo ndiyo mali pekee ya maana kwenye kabati mlilorithi, ingawa mlango haufungi. Mwalimu Haule alinitangulia mbele za haki akiwa ameona mawili matatu. Gaudensi sasa anapiga ngoma vizuri kuliko baba yake, kwa maneno ya mama yake, ambaye hasemi hivyo akiwepo mwanawe. Kahawa yake iliyobanana nyuma ya nyumba inazaa hivyohivyo.

Ile saa niko nayo. Imetundikwa jikoni kwangu, hapa Mkumbi, napimia maharage yasiungue. Yanachukua zaidi ya dakika nane.

Machi hii nimelima mistari miwili ya juu, peke yangu, na haikupinda sana. Mmoja wenu alinitembelea kuniuliza funguo za kabati, akanikuta huko mteremkoni, akataka kujua wageni wenyewe ni akina nani. Nilimpa jibu nililopewa mimi. Naona aliandika. Basi Agosti inakuja, na kikapu kitawafikia hapo ofisini kabla. Msinijibu kwa barua. Pikeni, kisha mje, na msije mmekula njiani.